Dakika Mbili Zilizoonekana Tupu

Augustino Masanja ana miaka hamsini na sita, na ishirini na saba kati ya hiyo ameitumia katika masijala ya ofisi moja jijini Dar es Salaam, akipokea majalada, akiyapanga na kuyatoa. Hajawahi kupoteza jalada. Hulisema jambo hilo bila majivuno, kama mtu anayesema hajawahi kuugua surua. Nyumba yake iko Kongowe, Kibaha, imepakana na mashine ya kusaga ya Amiri, kiasi kwamba ukuta wake wa upande ule ni mweupe kwa unga na haujapakwa rangi tangu ujengwe.

Wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe, wakafikia Dutumi yeye akiwa darasa la tatu. Ndugu zake walibaki na mifugo. Yeye alipenda karatasi. Marehemu baba yake alikuwa akiwaambia wageni, "Na huyu naye ana zizi lake, ila ng'ombe wake hawanywi maji."

Kuhariri sauti alikuanza miaka tisa iliyopita, kwaya ya kigango ilipotaka kurekodi nyimbo zake na hakuna aliyejua afanye nini na kompyuta. Mwalimu wa kwaya alimletea programu kwenye flashi, akamwelekeza kwa nusu saa, kisha akahamia Janga. Yaliyobaki Augustino alijifunza peke yake, akiandika kila hatua kwenye kaunta buku. Tangu hapo watu wa mtaa humpelekea nyimbo, mahubiri, matangazo ya misiba na salamu za harusi. Anazisafisha, anazikata, anazirudisha. Hajawahi kukataa kazi, na hajawahi kuiharakisha.

Ukiiona kompyuta yake utadhani ni meza ya masijala. Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa kwenye skrini vitufe vyote asivyovitumia. Vilivyobaki alivivuta akavipanga upande wa kulia, kwa kuwa kule masijala anapokea kwa mkono wa kulia. Maandishi aliyakuza, maana macho yake ya karibu yanahitaji miwani na miwani humtoka puani. Mikanda ya sauti, yaani ile michoro ya mawimbi inayoonyesha sauti inapanda wapi na kushuka wapi, aliifinya ikawa myembamba kama migongo ya majalada kwenye rafu, ili rekodi yote, hata ikiwa ya saa nzima, ionekane mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alipenda kuona kitu kizima. Shemeji yake mmoja aliwahi kuazima kompyuta ile jioni moja, akairudisha vitufe vikiwa vimehama. Kazi ya kwaya ilisimama siku tatu mpaka alipomaliza kupanga upya, akitazama mchoro alioutunza kwenye kaunta buku kwa ajili ya dharura kama hiyo.

Tena alihariri kwa macho. Hilo si ajabu ukikumbuka mashine ya Amiri. Augustino hurudi kutoka mjini saa kumi na moja na nusu jioni, na mashine husaga mpaka jua lizame. Ikizimwa, yeye anakula, anasali, analala, kwa sababu saa kumi alfajiri yuko macho. Jumamosi mashine huanza asubuhi. Muda wake wa kazi na muda wa kelele ni ule ule. Akajifunza kusoma mawimbi kama wengine wanavyosoma mwandiko. Kikohozi alikitambua kwa umbo lake, mlango uliobamizwa akautambua, na "aaa" ya mzungumzaji anayetafuta neno aliikata bila kuisikia. Palipokuwa na mstari mnyoofu, pasipo wimbi, alipaondoa. Masijala wana kanuni hiyo: ukurasa mtupu hautunzwi ndani ya jalada, unapoteza nafasi na kumchosha msomaji. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku aliiandika kwa wino mwekundu: *Penye mstari mnyoofu, kata.*

Mwezi Mei mwaka huu jirani yetu Tereza alikuwa anamfanyia sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, binti yake Martina, mwalimu wa shule ya msingi. Sherehe ilipangwa Jumamosi ya tarehe 17. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, ndiyo maana tarehe na saa ninazo.

Mama yake Tereza, Bibi Mwashi, anaishi Marui, wilaya ya Kisarawe, kwa mwanawe Mahona ambaye analima na ana ng'ombe wachache. Bibi alivunjika nyonga mwaka jana. Kusafiri hadi Kibaha hakuwezekani. Kwa hiyo mwishoni mwa Aprili, kabla mvua haijaharibu barabara, Tereza alikwenda Marui akamrekodi kwa simu, ili siku ya sherehe mjukuu asikie sauti ya bibi yake. Aliporudi alimpa Augustino ile rekodi, dakika kumi na nne na sekunde ishirini, akamwambia, "Kaka Augustino, ondoa kuku, ondoa pikipiki, na kaka yangu Mahona umpunguze. Mwishoni kuna baraka ya bibi. Hiyo usiiguse."

Augustino aliiandika kazi hiyo kwenye kaunta buku kama alivyoambiwa. Kuku waliondoka, pikipiki ikaondoka, Mahona akapunguzwa. Mwishoni alimwona bibi anamwaga salamu na mausia kwa sauti kubwa, mawimbi yamejaa, na baada ya hapo, kuanzia dakika ya kumi, mstari mnyoofu hadi mwisho. Akaelewa kwamba mausia ndiyo baraka. Mstari mnyoofu akaukata.

Kikao cha mwisho cha kamati kilikuwa Jumatano tarehe 14, saa kumi na moja na nusu jioni, uani kwa Tereza. Augustino alifika moja kwa moja kutoka kazini akiwa na flashi. Tukasikiliza wote kwenye spika ndogo. Bibi alisalimia, akamsimulia Martina siku aliyozaliwa, akamwambia asimjibu mumewe akiwa na njaa, yeye au mume, yeyote mwenye njaa. Tulicheka. Kisha rekodi ikaisha, na Tereza akaendelea kuitazama ile spika.

"Baraka iko wapi?" aliuliza.

"Si ndiyo hiyo?" Augustino akasema.

"Hayo ni mausia, kaka. Hayo hata wewe ungeweza kuyasema. Baraka yenyewe iko wapi?"

"Baada ya hapo palikuwa patupu, Mama Martina. Dakika nne za kimya. Niliziondoa."

Tereza akatueleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu, kwa kuwa kwake lilikuwa la kawaida. Katika ukoo wao binti anayeolewa hupewa neno na bibi yake. Neno hilo ni la binti peke yake. Mama mzazi hatakiwi kulisikia, kwa sababu yeye alishapewa lake na bibi yake mwenyewe, na mawili hayachanganywi. Kwa hiyo mausia yalipokwisha, Tereza aliiacha simu juu ya kigoda karibu na mlango, mbali na bibi, ikiwa bado inarekodi, akatoka nje. Alisimama zizini na Mahona mpaka bibi alipogonga fimbo yake chini mara mbili, kuashiria amemaliza.

"Kwa hiyo hukumsikia," Augustino akasema.

"Nitasikiaje na nilikuwa natazama ng'ombe?"

"Na kwenye simu yako ipo?"

"Nilifuta. Ilijaa picha za vitambaa vya sare."

Nikamwona Augustino anavua miwani. "Nakala ya mwanzo ninayo mimi," alisema. "Sijawahi kuharibu nakala ya mwanzo ya kitu chochote. Twendeni."

Tulikwenda watatu: yeye, Tereza na mimi. Mashine ya Amiri ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Mkewe Augustino, Asteria, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa barazani anapiga pindo sare zile zile za sherehe. Alitusalimia kwa kichwa, midomo yake ilikuwa imebana pini.

Augustino aliifungua nakala ya mwanzo. Rekodi yote ilikaa kwenye skrini kama kawaida yake, nyembamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Mawimbi ya Mahona, ya kuku, ya bibi, halafu mstari mnyoofu kama uzi uliovutwa.

"Unaona," alisema. "Patupu."

Akachukua hedifoni zake zilizoning'inia kwenye msumari ili ahakikishe kwa masikio. Alikuwa ameshaziweka sikio moja simu ya Tereza ilipoita. Alikuwa Mahona. Kwao Marui ujumbe hufika hata nyumbani, ila kupiga simu kunawezekana juu ya kilima tu, na Tereza alikuwa amemtumia ujumbe tangu kikaoni. Ndiyo kwanza Mahona alikuwa amepanda. Tereza alimweka kwenye spika, tukasogea upande wa jikoni penye afadhali ya kelele.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mahona, mama alisema au hakusema?"

"Alisema. Nimemuuliza kabla sijapanda huku. Anasema alisema lote, na aligonga fimbo."

"Basi mwambie halikuingia. Mbebe umpandishe hapo kilimani alirudie kwenye simu."

"Dada, nyonga ile nimbebe? Na halirudiwi. Anasema yeye si redio. Na barabara tangu Jumatatu imekatika, hata ukija unaishia ng'ambo ya maji." Tukasikia upepo. "Kingine. Ameuliza nani anazo hizo sauti. Nimemwambia ni mtoto wa Masanja wa Dutumi. Amesema alimfahamu baba yake, na huyo mtoto asilisikilize. Mtu yeyote asilisikilize kabla ya Martina. Likisikiwa na mwingine kwanza, limekuwa la huyo mwingine."

Tereza aligeuka akamtazama Augustino. Hedifoni zilikuwa bado zimekaa sikio moja.

"Vua hizo, kaka," alisema.

Akazivua, akazirudisha msumarini taratibu, kana kwamba zina moto.

Basi hapo ndipo tulipofika. Bibi amesema, lakini pale aliposema pamenyooka. Kama simu haikunasa, Martina atatoka kwao bila neno la bibi yake, na hakuna atakayempa lingine. Kama ilinasa, hakuna aliyeruhusiwa kusikia ili kujua. Zilibaki siku mbili na nusu.

"Nitakitafutaje kitu nisichoruhusiwa kukisikia?" Augustino akauliza.

"Si husema unahariri kwa macho?" Tereza akajibu. "Miaka tisa nakusikia unasema."

Asteria alikuwa amesimama mlangoni na sare mkononi, pini amezitoa mdomoni. Alitazama skrini muda, akamtazama mumewe.

"Baba, mbona unatazama shati ukiwa barabarani?"

"Shati gani?"

"Mtu akileta shati jeusi lililoshonwa kwa uzi mweusi, ukisimama mbali utaapa halina mshono. Nikitaka kuliona nalileta hapa." Akaisogeza sare mpaka karibu igusane na pua. "Wewe hiyo picha yako umeifinya mpaka imekuwa kama mkia wa panya, halafu unasema haina kitu."

"Nimeifinya ili nione yote."

"Ndiyo. Umeona yote, ila hujaona kitu."

Tereza alicheka kwa mara ya kwanza tangu kikaoni. Augustino hakucheka, lakini alivaa miwani.

Nilikaa nyuma yake nikaandika aliyoyafanya, kwa kuwa aliniomba. "Andika, katibu. Nikiharibu mpangilio wangu nijue pa kurudia."

Kwanza alishika ukingo wa chini wa ule mkanda akauvuta kushuka, mkanda ukapanuka ukajaza nusu ya skrini. Miaka tisa hakuwa amefanya hivyo. Wimbi la kuku mmoja likawa kubwa kama mti, ila mstari mnyoofu ukabaki mnyoofu. Kisha alikuza upande wa urefu, akaachana na rekodi nzima, akabaki na dakika moja tu, ya kumi na moja. Hapo mstari ulianza kutetemeka kidogo, kama uzi uliopulizwa. Augustino akasogeza kiti.

Mkanda ulikuwa na kipimo chake pembeni, namba zinazosema sauti ni kubwa kiasi gani. Kipimo cha kawaida huonyesha vizuri sauti kubwa na kuzimeza ndogo. Alifungua kaunta buku, akarudi nyuma kurasa nyingi, akakuta alichoandika mwaka wa kwanza na hakukitumia tena: kwamba kipimo kinaweza kubadilishwa kiwe cha desibeli, na hapo sauti ndogo nazo hupata kimo. Akabadilisha.

Mstari ukaota. Sijui niseme vipi vingine. Palipokuwa peupe pakajaa vijiti vifupi vifupi, vimesimama kama mabua baada ya mavuno, kutoka dakika ya kumi hadi mwisho.

"Hilo hapo," Tereza akasema.

Augustino alitikisa kichwa. "Bado. Tazama, yamejaa kila mahali. Bibi hawezi kusema dakika nne bila kuvuta pumzi. Humu kuna upepo, kuna majani, kuna hao ng'ombe uliokuwa ukiwatazama. Nikivikuza vyote, Martina atasikia upepo wa Marui."

Jua lilikuwa limezama. Mashine ilizimwa, na mtaa mzima ukawa kimya ghafla, na hedifoni ziko palepale msumarini. Nilimwona anazitazama. Asteria naye alimwona.

"Hata kidogo?" Asteria aliuliza, kwa kumchokoza.

"Twende tukale," akasema, akafunga kompyuta.

Alhamisi alirudi mapema kidogo. Ijumaa aliomba ruhusa, na wenzake ofisini, alivyonisimulia, walidhani amefiwa, maana hawakumbuki ruhusa nyingine aliyowahi kuomba. Asubuhi hiyo Amiri wa mashine, aliyekuwa amesikia nusu ya habari kwa wateja wake, alipita na unga kwenye nyusi.

"Mzee Augustino, shikamoo. Nimeona nizime mashine nusu saa, usikilize vizuri hiyo kazi ya watu."

"Marahaba. Amiri, nakuomba usizime."

"Nisizime?"

"Usizime. Ikiwezekana saga na ya kesho."

Amiri aliondoka akituambia sisi wa barazani kwamba miaka kumi na minne analalamikiwa kelele, na leo ameombwa aongeze. Kwa hiyo subira huvuta heri. Alisaga hadi saa sita bila kupumzika. Nadhani mahindi mengine aliyasaga mara mbili.

Katika kelele hizo Augustino alipata njia. Alichukua kipande cha mausia, kile ambacho wote tulishakisikia, akakiweka kwenye mkanda wa pili juu ya ule wa mabua. Akabadilisha mwonekano wa mikanda yote miwili: badala ya mawimbi, akaweka ule wa rangi, ambao hupanga sauti kutoka nzito chini hadi nyembamba juu. Nao huo hakuwahi kuutumia, kwa sababu aliuona una makeke. Juu, kwenye mausia, sauti ya bibi ilitokea kama matuta ya mahindi yaliyopandwa kwa kamba, mstari juu ya mstari, yakipinda pamoja na kunyooka pamoja. Upepo na majani vilitokea kama vumbi tu, bila mstari.

"Mtu akisema, anaacha matuta," aliniambia. "Upepo haulimi."

Alipima namna bibi anavyosema katika mausia: maneno matatu, manne, anapumzika, maneno matatu, anapumzika kwa muda mrefu zaidi. Kisha akashuka kwenye mkanda wa chini, akakuza, akapunguza, akasogea taratibu, kidole kwenye kioo. Kuanzia dakika 11 na sekunde 8, ndani ya lile vumbi, kulikuwa na matuta. Hafifu, rangi yake karibu sawa na ya vumbi, lakini yamepinda pamoja na kunyooka pamoja. Matuta, nafasi. Matuta, nafasi ndefu. Yaliendelea hadi dakika 13 kamili. Mwisho wake kulikuwa na nguzo mbili zilizosimama wima.

"Fimbo," alisema. "Mara mbili."

Nilimwita Tereza. Alikuja na unga wa ngano mikononi, akatazama ile picha bila kuelewa. Augustino alimwonyesha matuta ya juu, kisha ya chini, kisha zile nguzo mbili. Tereza alizihesabu nguzo kwa kidole, akaweka alama ya unga kwenye kioo, na Augustino hakuifuta.

"Kwa hiyo lipo," Tereza alisema.

"Sauti ipo. Kama maneno yanasikika, mimi siwezi kujua. Nitalipandisha mpaka matuta yake yawe na rangi sawa na ya mausia, na vumbi nitalipunguza. Zaidi ya hapo atajua Martina."

Alifanya hivyo mchana kutwa, kidogo kidogo, akilinganisha mkanda wa chini na wa juu, akirudi nyuma kila alipoona tuta limeanza kuvunjika. Hakugusa hedifoni. Asteria aliziondoa msumarini akazifungia kwenye sanduku la nyuzi, na ufunguo akauweka kifuani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mshereheshaji wetu, Fabian, ni kijana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na nilipompa ratiba akaona pameandikwa *dakika mbili, kimya*, alinifuata nyuma ya jukwaa.

"Katibu, hapa umekosea. Mimi ninyamaze? Na wageni wafanye nini, watazame taa?"

"Watatazama ninachotazama mimi," Augustino akasema. Alikuwa ameshaunganisha kompyuta na projekta ya ukumbi. Na nikaona alichofanya: vile vitufe vyake vyote vya upande wa kulia, alivyovilinda miaka tisa, alikuwa amevificha vyote. Skrini nzima ilikuwa ule mkanda mmoja, wa rangi, umepanuliwa toka juu hadi chini.

Mausia tuliyasikia wote kwenye spika kubwa, tukacheka pale pa njaa. Kisha spika zikazimwa. Augustino alipanda hadi meza ya maharusi, akamvalisha Martina hedifoni juu ya kilemba chake, Asteria akisaidia kilemba kisiharibike. Tereza aliinuka, akatoka ukumbini, akasimama nje na gauni lake la sherehe kama alivyosimama zizini. Fabian alifunika maikrofoni kwa kiganja.

Ukutani mstari mwembamba ulianza kutembea juu ya picha, kutoka kushoto. Mwanzoni ulipita kwenye vumbi tupu. Martina alikuwa ametazama meza, uso hauna kitu.

"Hilo ni shamba la nani?" mzee mmoja wa nyuma aliuliza.

"Nyamaza, lina mbolea," mwenzake akamjibu.

Mstari ulifika kwenye tuta la kwanza. Martina hakubadilika. Ukafika la pili. Nilimtazama Augustino, alikuwa ameshika kaunta buku kwa mikono miwili, na miwani ilikuwa imemshuka puani bila yeye kuirudisha. Tuta la tatu. Hapo Martina aliinua kichwa, akashika hedifoni kwa vidole vya mikono yote miwili akazibana masikioni. Akaanza kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia. Ukumbi ulinyamaza wenyewe, hata wa nyuma. Tulitazama mstari ukivuka matuta, nasi tulipoona nafasi ndefu tulijua bibi anavuta pumzi, tukangoja pamoja naye.

Karibu na mwisho, Martina alicheka. Si tabasamu, alicheka kwa sauti, akaziba mdomo, na ukumbi mzima ukacheka bila kujua unacheka nini. Mstari ukapita nguzo ya kwanza, ukapita ya pili. Martina alisimama, akapiga goti kuelekea ukutani, akasema, "Wabeja," ndiyo asante ya kwao, akavua hedifoni.

Fabian alijaribu kusema kitu, sauti ikamtoka ndogo kama ya mtu mwingine.

Sherehe ilipokaribia kwisha Martina alimfuata Augustino kwenye meza ya mitambo. "Shikamoo, baba mkubwa. Hiyo ifute, tafadhali. Nimeshaipata."

"Na nakala ya mwanzo?"

"Nayo."

Nilimhurumia. Miaka ishirini na saba hajaharibu nakala ya mwanzo ya kitu chochote. Alikaa, akavaa miwani vizuri, akairudisha picha ikawa nyembamba kama ilivyokuwa mwanzo, rekodi yote kutoka ukingo hadi ukingo na mstari mnyoofu mwishoni. Akaitazama. Kisha akakata zile dakika na kuhifadhi, akaacha mausia peke yake, akamwonyesha Martina kwamba hakuna kilichobaki. Kwenye kaunta buku, chini ya kanuni ya wino mwekundu, aliandika: *11:08 hadi 13:00. Imepokelewa na mwenyewe.*

Jumapili jioni Mahona alipanda kilima akapiga. Tulikuwa kwa Tereza tunakusanya viti. Alisalimia, akasema barabara bado, ng'ombe wazima, na mama ametuma swali.

"Anauliza, Martina alicheka?"

Tereza alitutazama. Yeye alikuwa nje wakati ule, hakuona. Tukamwitikia kwa vichwa, Augustino na mimi.

"Alicheka," Tereza akasema kwenye simu. "Mwishoni."

Upepo wa kilimani ulisikika kidogo.

"Basi mama alisema, kama alicheka, amelisikia lote," Mahona akasema. "Pale mwishoni ndipo anapotakiwa kucheka."